Tathmini ya huduma: kutoka Dawati la Jinsia na Watoto hadi mahakamani

Mwanamke aliyepigwa na mumewe Tanzania Bara, akiamua kutafuta haki yake na usalama wa watoto wake, huhudumiwa na ofisi nne: Dawati la Jinsia na Watoto la Jeshi la Polisi, hospitali, Ustawi wa Jamii na mahakama. Akitaka talaka, inaongezeka ya tano, yaani Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Nimezipitia zote nikimsindikiza mtoto wa kaka yangu, mama wa watoto wawili, hapa Dar es Salaam. Ninaandika kwa ajili ya mama, au ndugu wa mama, ambaye kesho atasimama mbele ya ofisi hizo bila kujua aanzie wapi. Majina ya vituo tulivyokwenda sitayataja, kwa kuwa usalama wa binti huyu na wanawe ni jambo ambalo bado linaendelea.

Maoni yangu nayatoa mapema. Kila ofisi inapofanya kazi yake ndani ya chumba chake, huduma ni nzuri kuliko watu wengi mitaani wanavyoamini. Udhaifu mkubwa uko katikati ya ofisi na ofisi. Karatasi haiendi yenyewe, taarifa haiendi yenyewe, na mama aliyeumia ndiye anayetumwa kubeba vyote, na katika muda huo wote mtu aliyempiga anajua anapoishi na shule wanayosoma watoto.

Madawati ya Jinsia na Watoto yalianza kuundwa mwaka 2008, na sasa yamezidi 400 nchini. Faida yake ya kwanza ni chumba. Mwanamke haelezi habari za kitandani mwake akiwa amezungukwa na watu waliokuja kuripoti simu zilizoibiwa. Askari wa kike aliyetupokea alikuwa amevaa nguo za kiraia, aliandika maelezo polepole, akayasoma kwa sauti na kumwomba binti asahihishe kabla ya kuweka sahihi. Kabla hata hajauliza chanzo cha ugomvi, aliuliza watoto watalala wapi usiku ule. Nimekaa na wanawake wengi waliopitia mambo haya na sijasikia swali lililonipa imani kama hilo, kwa sababu linaonyesha kwamba aliyekaa kwenye kiti kile amefundishwa kutazama hatari iliyopo kwanza, na hukumu ya nani alikosea kuiacha kwa wanaohusika nayo. Tulitoka na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yetu katika kitabu cha polisi, na fomu ya PF3, ile ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha.

Lakini hiyo ilikuwa mara ya pili. Usiku wa tukio lenyewe tulikwenda kituo kingine, tukakuta dawati limefungwa tangu jioni. Askari wa kaunta alinitazama mimi, mtu mzima, akaacha kumtazama binti mwenye jicho lililovimba, akasema: “Mama, haya ni mambo ya ndani. Mrudishe kwake, kesho wazee wakae wayamalize.” Nilimjibu kwa adabu kwamba shangazi ndiye mzee wa upande huu, na mzee ameshakaa, ndiyo maana yuko kituoni. Kauli ya askari yule inapingana na sheria za nchi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, na Sheria ya Kanuni za Adhabu inaliweka shambulio la kudhuru mwili kuwa kosa linaloweza kumfunga mtu hadi miaka mitano. Vipigo vingi hutokea usiku. Dawati lisilo na mtu usiku linamwacha mama mikononi mwa askari yeyote aliye zamu, na kama askari huyo hakufundishwa, mama anarudishwa alikotoka.

Hospitalini sitakaa sana. Daktari alijaza PF3 vizuri, kwa mwandiko unaosomeka, na alipima hata mahali ambapo binti hakupataja. Tatizo ni kwamba hospitali ile haikuwa na kituo cha Mkono kwa Mkono, kile kinachomweka daktari, askari, mshauri na afisa ustawi mahali pamoja, kama kilivyoanzishwa Mnazi Mmoja kule Zanzibar na baadaye Amana, Ilala. Kwa hiyo tulipanga foleni ya wagonjwa wa nje, fomu ya polisi mkononi, kila aliyepita akiisoma. Mwenye kuchagua na achague hospitali yenye kituo hicho hata kama nauli itaongezeka. Na PF3 itolewe nakala kabla haijarudi polisi.

Ustawi wa Jamii ndiyo ofisi niliyoidharau zaidi kabla ya kuijua, kama wengi wanavyoidharau, na ndiyo iliyofanya kazi ya maana zaidi kwa watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi bora ya mtoto yawe jambo la kwanza katika kila uamuzi unaomhusu, na afisa tuliyempata aliyachukua maneno hayo kwa uzito. Alikwenda nyumbani, akazungumza na kila mtoto peke yake, akamtafuta mwalimu wa darasa. Ni yeye aliyegundua kwamba mtoto mkubwa, ambaye hajawahi kuguswa hata kwa kofi, alikuwa ameacha kuzungumza darasani na alikuwa akilia mwalimu wa kiume anapopaza sauti. Sisi wa nyumbani tulikuwa tukisema anashukuru Mungu hakuguswa. Afisa aliandika kwenye taarifa yake kwamba mtoto huyu ameumizwa pia, na taarifa hiyo ilikuja kuwa na uzito mahakamani kuliko maneno yetu yote ya utu uzima. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kuwa karibu watoto watatu kati ya kila wanne nchini wamepitia ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18. Kwa tatizo la ukubwa huo, afisa mmoja anayehudumia kata kadhaa bila usafiri wa ofisi ni uzembe wa bajeti, na sisi tulilazimika kumlipia nauli ili aende kuwaona watoto. Hakuidai kwa jeuri. Aliomba kwa aibu. Familia isiyo na nauli hiyo ingepata taarifa ya aina gani?

Sasa nifike kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ambapo tathmini yangu inakuwa mbaya. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinataka mgogoro upelekwe kwanza barazani kabla ya kuomba talaka, na baraza litoe hati kwamba limeshindwa kusuluhisha. Hati hiyo isizidi miezi sita tangu kutolewa hadi shauri linapofunguliwa. Baraza linaweza kuwa la kata au la jumuiya ya dini. Kwa wanandoa waliokosana kwa maneno, au kwa fedha, au kwa mawifi, naona busara ya utaratibu huu na ninauheshimu. Kwa mwanamke aliyepigwa, utaratibu huohuo unamweka kwenye benchi moja na aliyempiga, mbele ya wazee ambao kazi waliyopewa na sheria ni kupatanisha. Wazee wetu hawakuwa watu wabaya. Walimkemea mume, wakamwapisha, wakamgeukia binti na kumwomba asamehe kwa ajili ya watoto. Alipokataa walishangaa, wakapanga kikao kingine. Kati ya kikao na kikao mume alipata nafasi ya kumfuata njiani akitoka sokoni, akiwa na hoja kwamba wazee wamemruhusu wazungumze.

Jambo ambalo hakuna ofisi iliyotueleza, na ambalo mwanasheria wa msaada wa kisheria alilitaja mara tu tulipokaa, ni kwamba kifungu hichohicho cha 101 kina misamaha. Mojawapo ni pale mahakama inaporidhika kwamba yapo mazingira ya pekee yanayofanya isiwezekane kwenda barazani. Mama mwenye PF3 na RB ana kitu cha kumwonyesha hakimu anapoomba msamaha huo. Hakuna uhakika kwamba atakubaliwa, na ziko talaka zilizofutwa kwenye rufaa kwa sababu hati ya baraza ilikosekana au ilikuwa na kasoro, kwa hiyo jambo hili lisifanywe bila mwanasheria. Lakini kulijua ni haki yake, na Dawati la Jinsia lilipaswa kuwa la kwanza kumwambia.

Hapa ndipo pengo kubwa linapoonekana. Sheria ya Ndoa inaipa mahakama uwezo wa kumzuia mwanandoa kumbughudhi mwenzake, ila uwezo huo umefungamanishwa na shauri la ndoa lililopo mahakamani au lililokwisha kuamuliwa. Anayetaka talaka hana shauri mpaka awe na hati ya baraza, na hana hati mpaka vikao viishe. Wiki zote zile ambazo hatari ni kubwa kuliko wakati mwingine wowote, kwa sababu mume ameshajua kwamba mke anaondoka, ndizo ambazo kinga ni ndogo kabisa. Linabaki tegemeo la masharti ya dhamana, iwapo ameshtakiwa kwa jinai. Wenzetu wa Kenya walitunga mwaka 2015 sheria mahususi ya kinga dhidi ya ukatili wa majumbani, na chini yake mtu anaweza kuomba amri ya ulinzi bila kulazimika kudai talaka. Tanzania Bara haina sheria ya namna hiyo. Ninawaomba wabunge wetu, wanawake kwa wanaume, waliangalie jambo hili kama jambo la uhai, kwa maana hakuna askari hodari wala hakimu mwema anayeweza kuliziba pengo hilo kwa wema wake peke yake.

Mahakamani nilitegemea mabaya na nikakuta mazuri mengi. Mashauri yanayomhusu mtoto husikilizwa faragha, bila watazamaji, na kwa utaratibu usiomtisha, afisa ustawi akiwepo. Hakimu alimwita mtoto mkubwa ofisini kwake, akaongea naye kuhusu shule na mpira kabla ya kumuuliza lolote la nyumbani. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, na binti aliusoma uamuzi wake mwenyewe mstari kwa mstari bila kumwomba mtu amtafsirie. Wakazi wa Dar es Salaam wanacho pia Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia kule Temeke, kilichoanza mwaka 2021, ambacho kimeziweka chini ya paa moja ngazi za mahakama kuanzia ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu kwa mashauri ya mirathi na ndoa. Wazo hilo ndilo dawa ya udhaifu nilioutaja mwanzo, na ningetaka kuona kituo kama hicho katika kila mkoa, chenye Dawati la Jinsia ndani yake.

Imani moja ya mitaani inapaswa kufutwa, kwa sababu mume aliitumia kama silaha tangu siku ya kwanza. Alisema: “Mtoto akifika miaka saba ni wa baba.” Sheria haisemi hivyo. Inachosema ni kwamba kwa mtoto aliye chini ya miaka saba, mahakama huanza na dhana kuwa ni vema akae na mama, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Baada ya umri huo hakuna anayempata mtoto kwa sababu ya kalenda. Mahakama inapima ustawi wake, inasikiliza maoni yake, inaangalia umuhimu wa ndugu kukaa pamoja na wa malezi kutokukatizwa. Binti alikuwa amevumilia miaka mingi akihofia kunyang’anywa mkubwa siku atakayotimiza saba. Kuhusu mali pia alikuwa ameambiwa hana kitu kwa kuwa hakuajiriwa, wakati Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa.

Kwa hayo yote, je, ninaipendekeza huduma hii? Ndiyo, na kwa msisitizo, ila mama asiende peke yake. Aende mchana kwenye kituo chenye dawati kama usalama wake unaruhusu kusubiri, na kama hauruhusu aende usiku huohuo na mtu mzima asiyekubali kurudishwa. Achukue nakala ya kila karatasi. Amtafute mwanasheria kabla ya baraza, si baada yake. Vyama kama TAWLA na WLAC hutoa msaada wa kisheria bila malipo, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua pia wasaidizi wa kisheria waliopo hadi vijijini. Mtoto aliye hatarini, au jirani anayemsikia akilia, apige 116, simu ya bure ya msaada kwa watoto.

Jambo la mwisho ni matunzo. Chini ya sheria ya zamani, baba wa mtoto wa nje ya ndoa aliweza kuamriwa kutoa shilingi 100 tu kwa mwezi, na ukomo huo uliondoka na Sheria ya Mtoto ya 2009. Sasa hakimu anapima kipato cha mzazi na mahitaji ya mtoto. Kiasi alichopangiwa baba wa watoto wetu kilikuwa cha haki, naye alikilipa kwa miezi michache kisha akanyamaza. Mahakama haimfuati yenyewe. Inambidi mama arudi kuomba kukazia hukumu, yaani fomu mpya, wito mpya na nauli mpya. Maombi yetu yako kwa karani, tunasubiri tarehe.