Duka la vipodozi Sinza lililonifanya nitupe nusu ya mekapu yangu, na bado narudi

Hii riviu nimeichelewesha makusudi miezi mitatu, nilitaka kwanza maskara niliyonunua pale ifike mwisho wake ndo niongee, maana kuna watu hata kifuko hawajakifungua washaanza kusifia duka. Ni fremu ndogo tu Sinza, ya dada mmoja anauza vipodozi na wikiendi anapamba maharusi, na kitu anachofanya ambacho mimi sijakiona kwingine ni kwamba unaenda na pochi yako ya mekapu kutoka nyumbani, mnaimwaga yote mezani, mnakaa mnapitia kimoja kimoja kipi kibaki kipi kitupwe. Sh 15,000, na ukinunua vitu vya kuanzia 50,000 hiyo hela anakupunguzia kwenye bei.

Niseme kwanza kilichonipeleka. Siku ya sendofu ya mdogo wangu tulikua wasichana sita chumba kimoja na maskara moja, yangu, niliyokua nimeinunua sikumbuki hata lini. Ilikua imeshaanza kukauka, nikaitia matone mawili ya maji nikawa naisokota brashi ndani nje ndani nje mpaka ikalainika, nikajipaka, nikampa wa pili, akampa wa tatu. Kesho yake asubuhi jicho langu la kushoto halifunguki, limegandana kwa tongotongo za njano, mpaka nikalilowanisha na maji ya uvuguvugu ndo likaachia. Wenzangu wawili hivyo hivyo, na mmoja alikua na mtihani Jumatatu. Daktari alituuliza swali moja tu, "mlichangia wanja?" Dawa ya matone wiki nzima. Yule binti akaenda kufanya mtihani jicho limevimba kwa sababu ya kitu kilichotoka kwenye pochi yangu, na hiyo ndo iliyoniuma kuliko jicho langu mwenyewe. Na sisi wa Dar tulishapita kwenye macho mekundu ya Januari 2024, tukaambiwa kila siku tusichangie taulo, tunawe mikono, taulo nikaacha kuchangia kweli ila maskara haikuwahi kunijia kichwani.

Basi nikaenda. Dada akanawa mikono, akatandika kitambaa cheupe mezani, akasema "haya mamy, mwaga." Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kwamba ile EXP, yani tarehe ya mwisho, iliyopigwa kwenye boksi inahesabu kitu kikiwa kimefungwa. Siku ukifungua kuna hesabu nyingine inaanza, na hiyo unaikuta kwenye kale kamchoro ka kakopo kenye kifuniko kilichofunguka, ndani kameandikwa 6M, 12M au 24M. Hiyo ni miezi tangu ufungue. Jamani mimi hako kamchoro nimekaona miaka yote nikajua ni alama ya kiwanda tu. Nikamuuliza mbona vingine havina, akanambia sheria ya Ulaya ndo inataka bidhaa inayodumu zaidi ya miezi 30 ikiwa haijafunguliwa iwekwe hako kamchoro, Marekani kwa vipodozi vya kawaida hawalazimishi hata tarehe ya mwisho, kwahiyo ukinunua cha kutoka huko hakina kitu usidhani kinaishi milele, utajiandikia mwenyewe.

Tukaanza na fandesheni. Chupa imeandikwa EXP mwaka 2027 na mimi nikaitetea kwa nguvu zote, akanigeuzia nyuma, 12M, akauliza umefungua lini, nikapiga hesabu, ilikua kabla sijahama Mbagala, yani miaka miwili na zaidi. Akabonyeza tone kwenye tishu. Likatangulia mafuta, likachora duara la njano linalotambaa, na rangi yenyewe ikabaki katikati imekaa kama mabonge ya uji. Akanipa ninuse. Harufu ni ile ya mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa rudiwa, na kitu ambacho kinanishangaza mpaka leo ni kwamba nilikua nainusa kila asubuhi na nilishaizoea nikadhani ndo harufu yake. Nilikua naona inanikatika kwenye pua na mashavu nikailaumu ngozi yangu, nikaongeza praima, nikaongeza poda, kumbe kitu kimeoza.

Sanskrini alinihoji kwanza naiweka wapi. Kwenye gari, pale mbele ya kioo, ili nisisahau kujipaka. Hapo alikunja uso kabisa. Gari limeegeshwa juani Dar saa saba mchana unajua mwenyewe humo ndani panakuaje, na joto ndo adui mkubwa wa sanskrini, zile dawa zinazozuia jua zinaharibika na mchanganyiko unaachana. Tukaiminya mkononi, yakatoka maji maji kwanza alafu chenga chenga. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inataka sanskrini ibaki na nguvu yake angalau miaka mitatu kama haijaandikwa tarehe, lakini hiyo ni kwa iliyotunzwa vizuri, sio iliyopikwa. Na ubaya wake ni kwamba losheni ikichacha utajua kwa pua, sanskrini iliyokufa inaweza isikwambie kitu, unajipaka unatoka juani na imani yako yote na hakuna kinachokukinga.

Seramu ya vitamini C sikubishana nayo. Niliinunua ikiwa karibu haina rangi, sasa hivi imekua chai ya rangi kabisa. Vitamini C ikikutana na hewa na mwanga inabadilika taratibu, ukiiona imefika kahawia imeshachoka, itakupaka rangi tu kwenye vidole. Na mimi chupa nilikua naiweka dirishani.

Ila kilichonitoa machozi ni sponji. Kwa nje nilikua naiosha, kwakweli naiosha, ina madoa madoa lakini nikaona ya kawaida. Akachukua wembe akaipasua katikati. Ndani kulikua na vidoti vyeusi, ukungu, kama ule wa kwenye mkate uliosahaulika kwenye mfuko, umetambaa kutoka katikati kwenda pembeni. Hiyo kitu nilikua nailowanisha kila asubuhi, naigongagonga usoni, alafu naifungia ikiwa mbichi kwenye pochi. Nilikaa kimya pale kama dakika nzima. Akanambia sponji inakaushwa wazi pakavu penye hewa, na hata ukiitunza vipi miezi mitatu hivi inatosha.

Sasa kinachonifanya nimuamini ni kwamba sio kila kitu alikitupa ili aniuzie kingine. Poda ilikua imeota ngozi ngumu inayong'aa juu, mimi nilishaisogeza upande wa kutupa, akairudisha, akachukua solotepu akaibandika juu na kuibandua, ile ngozi ikatoka nayo, chini poda safi. Ile ni mafuta ya uso yanayobebwa na brashi tu. Vitu vikavu havina maji kwahiyo bakteria hawapati pa kuzaliana kirahisi, poda na aisheido miaka miwili unaenda nayo ukiwa msafi. Penseli ya nyusi tukaichonga ikabaki. Lipstiki moja ilikua imetoa jasho, vitone juu, nikajua imekwisha, akasema hapana hilo ni joto, futa, nusa, haina harufu mbaya, baki nayo. Nyingine ambayo kwa macho ilikua nzuri kabisa akainusa akaitupa. Vaseline yangu ya kopo akaipitisha pia, haina maji ndani, akanisema tu kuhusu vidole, niwe nachota na kijiko kidogo kisafi.

Maskara na ailaina za maji ndo hana msamaha nazo. Miezi mitatu tangu ufungue, basi, hata kama bado imejaa, kwa sababu kila ukijipaka brashi inarudi ndani na kile ilichokiokota kwenye kope, na mule ndani ni giza na majimaji. Ikikauka ndo imekuaga, usiitie maji, usiitie mate (wapo wanaotia mate, nawajua). Na kama umeugua jicho, kila kilichogusa hilo jicho kinatupwa siku hiyo hiyo.

Tulipobishana ni kwenye perfyumu. Nina chupa nimepewa zawadi ya harusi ya dada yangu, mwaka wa tano huu, iko kwenye boksi lake kabatini gizani, inanukia vilevile, yeye akasema itupe. Sijaitupa na siitupi.

Alafu kulikua na krimu ya uso niliyoipata Kariakoo kwa promosheni, mbili kwa bei ya moja, duka silitaji. Akaimulika na tochi ya simu kwa pembeni, sehemu iliyotakiwa kuwa na tarehe kuna mkwaruzo, plastiki imepoteza mng'ao pale tu, na juu yake imebandikwa stika ya bei. Mtu amekaa chini akafuta tarehe, akabandika stika, akaniuzia mimi nimpake mpaka mwanangu. Vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019, zamani ilikua TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kwahiyo ukikutana na hii kitu wapelekee wao na risiti yako, mimi risiti sikupewa na sikudai na hapo ndo nilipokwama. Siku hizi nageuza kopo kabla sijauliza bei. Kuna tovuti ukiweka ile namba ya bachi, yani ya toleo la kiwandani, zinakwambia kitu kimetengenezwa lini, zinasaidia, ila feki nazo zinakopi namba kwahiyo usiifanye ndo ushahidi wa mwisho.

Kitu kingine alichoniambia kikanirudisha Tanga kwa bibi. Nilikua na kikopo cha krimu ya asili, aloevera na siagi ya shea, mtu ananitengenezea, anasema haina kemikali. Akasema hiyo ndo inaharibika haraka kuliko zote, kama kuna maji ya mmea ndani na hakuna cha kuzuia bakteria basi inahesabiwa kwa siku, tena kwenye friji. Bibi alikua anasaga liwa, ule mti wa kunukia, kwenye jiwe na marashi ya waridi, kidogo tu ya kutosha uso wa mtu mmoja, na tukimwomba asage ya kesho kabisa alikua anakataa, ile iliyobaki jiweni anatupaka miguuni inaisha. Mti wa liwa unakaa mkavu kwenye kitambaa miaka na miaka. Ikishaguswa na maji ni ya leo.

Sasa mapungufu, maana yapo. Bei zake ziko juu ya Kariakoo kwa 3,000 mpaka 5,000 kwa kitu kilekile, mimi nalipa kwa sababu namwona anafungua boksi mbele yangu ananionyesha tarehe, lakini sio kila mtu atamudu. Jumamosi usiende, kuna maharusi, nilikaa saa mbili nzima kwenye benchi. Na siku hiyo hiyo niliona tesita za lipstiki ziko wazi mezani watu wanajipaka moja kwa moja mdomoni, yeye yuko bize na bi harusi haoni. Mtu anayejua yote haya hatakiwi kuacha hivyo, nilimwambia, akasema ataweka vijiti vya pamba pembeni, mara ya tatu nilivyoenda vilikuwepo. Umeme ukikatika pia pale ndani ni joto kali na bidhaa zote ziko humo humo, sijui kama kuna fremu Dar ambayo haina hilo tatizo.

Kila kitu unachonunua anakibandikia stika nyeupe chini, anaandika kwa maka pen tarehe ya kufungua, na kama hujafungua anaacha wazi uandike mwenyewe. Maskara yangu ilikua na stika ya tarehe 9, ikafikisha miezi mitatu ikiwa bado inapaka vizuri tu, nikaitupa, na safari hii nimenunua ndogo ya bei rahisi ili isiniume. Ngozi ya mashavu imetulia, vile vipele vya kidevuni vimepungua sana ingawa sijui ni fandesheni au ni sponji, vyote viliondoka siku moja.

Nampa nne kwa tano. Nenda Jumanne au Jumatano kabla ya saa nne, beba na vya bafuni, na vya kwenye gari pia.