Ford hainunuliwi kwa nembo: Ranger 3.2 iliyotumika na kampuni yenye sifa mbili

Ford Ranger ya injini ya dizeli ya lita 3.2, zile zilizoanza kutoka 2011, ni pikapu nzuri ya kununua ikiwa imetumika, kwa sharti kwamba uukague mfumo wa maji kabla ya kutoa pesa na umwage oili huku unatazama saa. Asiyeyaweza hayo mawili atafute Hilux, alipe zaidi, alale usingizi.

Hukumu ya namna hiyo huwashangaza watu. Kampuni iliyosajiliwa Juni 1903 ingepaswa kuwa imeshajua kupoza injini. Lakini anayeifahamu Ford hashangai. Kazi kubwa huifanya vizuri, wakati mwingine kuliko mtu yeyote duniani, halafu kipande kidogo kilichofanyiwa ubahili au ujanja kinaliangusha gari zima. Ndiyo maana mafundi wawili wa gereji moja watakupa majibu mawili juu ya Ford, na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa Model T, iliyoingia sokoni Oktoba 1908. Silinda nne, lita 2.9, nguvu za farasi 20, imenyanyuka juu ili ipite njia za matope za mashambani Marekani, na sehemu zake zinazobeba uzito zilikuwa za chuma cha vanadi, chepesi na kigumu kuliko kile ambacho wengi walikuwa wakitumia. Mkulima aliifungua na kuifunga mwenyewe kwa spana chache. Kuiendesha ndiko kulikohitaji darasa. Ilikuwa na pedali tatu, lakini si hizi tulizozizoea: ya kushoto ukiikanyaga hadi chini ni gia nzito, ukiiachia ni gia nyepesi, katikati yake ni huru, ya kati ni ya kurudi nyuma, ya kulia ni breki, nayo ilishika giaboksi, si magurudumu. Mafuta yaliongezwa kwa kijiti kilichokuwa chini ya usukani, upande wa kulia. Kijiti cha kushoto kiliwahisha au kuchelewesha cheche, na aliyesahau kuichelewesha kabla ya kuzungusha hendeli ya kuwashia, hendeli ilimrudi ikamvunja mkono. Tangi lilikuwa chini ya kiti na petroli ilishuka kwa uzito wake tu, bila pampu. Mlima ukiwa mkali na mafuta machache, injini ilikatikiwa na petroli. Watu wakajifunza kupanda vilima kinyumenyume.

Bei ndiyo iliyoibadili dunia. Ilianza dola 825 hadi 850 kutegemea bodi. Kufikia 1925 ya bei ya chini kabisa ilikuwa dola 260. Siri ilikuwa kiwanda cha Highland Park, Michigan, ambako 1913 fremu ya gari ilianza kusogezwa ikimfuata mfanyakazi badala ya yeye kuifuata. Kuiunganisha kulichukua saa 12 na nusu. Kukashuka hadi dakika 93. Wafanyakazi hawakuipenda kazi hiyo, waliacha kwa wingi kiasi kwamba Januari 1914 Henry Ford akatangaza malipo ya dola 5 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya yale ya awali. Watu huisimulia kama ukarimu. Ilikuwa hesabu ya kuzuia watu kuondoka, tena iliambatana na wakaguzi waliotumwa majumbani kuona mfanyakazi anaishije. Na ukitaja jina la Henry Ford kwa sifa, taja pia gazeti lake, Dearborn Independent, lililoeneza chuki dhidi ya Wayahudi kuanzia 1920; aliomba radhi 1927, baada ya kushtakiwa. Mwaka huohuo Model T ilikoma baada ya kutengenezwa zaidi ya milioni 15. Mzee alikuwa ameing'ang'ania kupita kiasi, na Chevrolet ikapita.

Afrika Mashariki jina la Ford lilijengwa na vumbi la Safari Rally. Cortina GT ya Peter Hughes ilishinda 1964. Mwaka 1972 Hannu Mikkola, akiwa na Escort RS1600, akawa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kuutwaa ushindi huo, na 1977 Björn Waldegård akarudia kwa Escort. Ila magari hayo yalikuwa kazi ya Ford ya Uingereza, si ya Detroit, Marekani. Ni kama Ranger yenyewe: uhandisi wake uliongozwa Australia, na nyingi za Afrika zimeunganishwa Silverton, Pretoria.

Sasa vile vipande vidogo. Pinto ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa na tangi la petroli lililobanwa kati ya bampa la nyuma na ekseli. Gari likigongwa nyuma, tangi lilisukumwa mbele likatobolewa na boliti za difu, na shingo ya kujazia ikachomoka. Mwaka 1978 magari milioni 1.5 yaliitwa viwandani, na dawa yenyewe ilikuwa ngao ya plastiki na shingo ndefu zaidi. Ngao ya plastiki! Explorer, SUV ya Ford, ikafuata: tairi za Firestone zilibanduka ngozi zikiwa barabarani, na gari hilo la kimo kirefu likapinduka. Ford ilikuwa imeshauri upepo wa psi 26 tu, ili gari lipande laini. Upepo mdogo huongeza joto la tairi, na joto huachanisha matabaka. Agosti 2000 Firestone iliondoa tairi milioni 6.5, na mwaka uliofuata Ford ikaamua kubadilisha nyingine milioni 13.

Kisha likaja giaboksi la PowerShift katika Fiesta na Focus za miaka ya 2010, klachi mbili kavu zinazoendeshwa na kompyuta. Kwenye foleni ya mjini, gari likitambaa, klachi zinasuguana bila oili ya kuzipoza. Sili ya shafti ikivuja, oili inazigusa na gari linatetemeka kama lina homa. Australia iliitoza Ford faini ya dola za nchi hiyo milioni 10 mwaka 2018, kwa jinsi ilivyowatendea wateja waliolalamika. Afrika Kusini, Januari 2017, Kuga 4,556 za injini ya 1.6 ziliitwa kwa sababu zilikuwa zikishika moto: maji yasipozunguka, silinda hedi inapasuka, oili inadondokea chuma cha moto. Fiesta au Focus yenye giaboksi hilo usiinunue hata kwa bei ya kutupa.

Upande wa pili wa daftari: F-Series imekuwa pikapu inayouzwa zaidi Marekani tangu 1977. Na 2006 Alan Mulally, mkurugenzi mkuu mpya aliyetoka kampuni ya ndege ya Boeing, aliweka rehani karibu kila kitu, hata nembo ya bluu yenyewe, kampuni ikakopa dola bilioni 23.6. Ndiyo maana 2009 General Motors na Chrysler zilifilisika, Ford haikufilisika.

Turudi kwenye pikapu. Injini ya 3.2 ina silinda tano, kilowati 147, mvuto wa Nm 470 kuanzia mizunguko 1,500 tu, kwa hiyo inapanda na mzigo bila kupiga kelele. Inatumia cheni, si mkanda. Inavuka maji ya kina cha sentimita 80. Mafuta, hesabu lita 10 hadi 12 kwa kilomita 100 ukiwa na mzigo wa kawaida. Ni injini ngumu. Vinavyoiua ni maji na oili.

Maji kwanza. Kuna kirejeta kidogo kinachopoza moshi unaorudishwa kwenye injini, yaani kipozeo cha EGR. Moshi unapita upande mmoja, maji ya injini upande wa pili. Masizi na joto vikikipasua kwa ndani, maji yanaingia kwenye njia ya moshi na kutokea ekzosi. Chini ya gari hakuna tone. Mwenye gari anaona maji yanapungua, anaongeza ya bomba, siku moja gari linachemsha mlimani, hedi inapinda au kupasuka. Mshale wa joto usiutegemee peke yake: maji yakishapungua sana, kipimo kinaweza kuwa kimekaa kwenye mvuke.

Upimaji wake hauhitaji maabara. Fika asubuhi injini ikiwa baridi kabisa na ushike mpira wa juu wa rejeta: ukiwa mgumu wakati injini imelala usiku kucha, kuna gesi ndani, ondoka. Ukiwa laini, washa, acha ipate moto, uangalie ekzosi. Moshi mweupe wenye harufu tamu usiokoma baada ya dakika 10 si umande. Kisha fundi afunge pampu ya presha kwenye chupa ya maji, apandishe hadi presha iliyoandikwa kwenye kifuniko, aiache dakika 20. Mshale ukishuka na nje hakuna palipolowa, tatizo ni kipozeo cha EGR au hedi. Kuyatenganisha: aunganishe mipira miwili ya maji ya kipozeo moja kwa moja, akiruke, apime tena. Presha ikikaa, ni kipozeo, unabadilisha na maisha yanaendelea. Ikishuka tena, ni gasketi au hedi, na hapo bei ya muuzaji haina maana tena. Kile kimiminika cha bluu kinachogeuka njano kikikutana na gesi ya moto kwenye maji nacho kinasaidia, ingawa kwa dizeli hakionyeshi wazi kama kwa petroli.

Oili sasa, na hapa ndipo gereji nyingi zimeua injini nzima kwa nia njema. Pampu ya oili ya 3.2, na ya 2.2 (injini ndogo ya Ranger) vilevile, inabadilisha kiasi inachosukuma kulingana na haja. Ukimwaga oili na kuliacha gari likidondosha hadi baada ya chakula cha mchana, kama mafundi wetu walivyozoea, pampu inakauka na inashindwa kuvuta tena. Unawasha, taa ya oili haizimi, beringi zinasagika. Kwa hiyo: pasha injini moto kidogo, tayarisha oili mpya na filta mpya mkononi, badilisha filta kwanza, ndipo ufungue nati ya sampu. Isizidi dakika 10 kabla ya kuifunga na kujaza. Injini ya 3.2 inachukua karibu lita 9.8, ya 2.2 lita 8.6 hivi, oili ya 5W-30 yenye kiwango cha Ford WSS-M2C913. Ukiwasha, taa ya oili inatakiwa kuzima ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima injini hapohapo. Usikanyage mafuta eti "ipande". Muulize muuzaji alikofanyia sevisi, kisha umuulize fundi huyo anamwaga oili kwa muda gani. Akicheka, umeshapata jibu.

Moshi mweusi na nguvu kupungua ghafla, mara nyingi ni mpira wa kupeleka upepo wa turbo kwenye intakula (kipozeo cha upepo huo) umechanika. Tafuta mabaka ya oili kwenye mpira wa chini. Nyunyiza maji ya sabuni huku mwenzako anakanyaga mafuta, povu litakuonyesha. Hii ni kasoro ya bei ndogo, lakini wengi hubadilishiwa turbo bila sababu. Injini ikinguruma vibaya gari likiwa limesimama, pima nozeli kwa chupa tano, moja kwa kila mrija wa mafuta yanayorudi. Inayojaa haraka kuliko wenzake ndiyo imechoka. Nozeli mpya lazima namba yake iingizwe kwenye kompyuta ya gari, la sivyo injini itaendelea kutetemeka na fundi atakwambia spea ni feki. Chujio la dizeli limwagwe maji mara kwa mara.

Kwenye gia za mkono, sikiliza ukizima: mlio wa kugongana ni flaiwili ya vipande viwili imelegea, na inabadilishwa pamoja na klachi. Gia otomatiki za kasi sita ni imara, ila usikubali maneno ya "oili ya maisha". Ibadilishe kila kilomita 60,000, ya aina ya Mercon LV.

Spea zipo kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu Mazda BT-50 ya 2011 hadi 2020 ina injini ileile. Ya 2.2 inafaa mizigo myepesi. Ya 2.0 ya turbo mbili na gia 10 ni tamu kuendesha na ina Nm 500, lakini ilikuja na mkanda unaoogelea ndani ya oili. Oili isipobadilishwa kwa wakati, mkanda unachunika na vipande vyake vinaziba chujio la pampu. Bila daftari kamili la sevisi, iache.

Ukienda kuiona 3.2 na ukakuta injini imeoshwa inang'aa, usiikague siku hiyo. Omba uiendeshe kilomita 30 na mlima mmoja, iegeshe usiku kucha mahali unapopaona, kisha fungua boneti asubuhi na uanze na ule mpira wa juu wa rejeta.