Mwaka mmoja na jenereta inayomwita fundi yenyewe

Nimekaa na huduma hii ya kiwanda kufuatilia jenereta kwa mbali mwaka mzima, kwa hiyo sisemi kwa kusikia. Jenereta yetu ya dizeli ilikuja na kisanduku cheusi, kidogo kama kiberiti, kimefungwa nyuma ya paneli. Ndani mna laini ya simu na GPS. Kinatuma kiwandani saa ambazo injini imefanya kazi, joto la maji, presha ya oili na chaji ya betri.

Zamani saa nilikuwa naziandika kwenye daftari, nalo likalowa oili mpaka tarakimu hazisomeki. Sasa zikifika 230 napata ujumbe: sevisi ya saa 250 imekaribia. Fundi anakuja na filta sahihi mkononi, maana akiingiza namba ya mashine anaona historia yote, hadi mkanda uliobadilishwa mwezi wa tatu. Hapo nawavulia kofia.

Kilichonikera ni siku kisanduku kilipokosa mtandao. Kwao mashine ilionekana imezimwa, kumbe inaunguruma mbele yangu na mshale wa joto unapanda. Nikapiga simu. Kijana wa huduma kwa wateja akashikilia kwamba mfumo hauonyeshi tatizo. Nikasogeza simu karibu na injini asikie mwenyewe, kisha nikazima injini. Mkanda wa feni ulikuwa umelegea.

Halafu hizi taarifa ni za mashine yangu, lakini kuzipata zote mpaka niombe kwa barua pepe. Hilo uliza kabla hujasaini mkataba.