Malaria kali: kwinini au artesunate?

Kwinini wengi tunaikumbuka kwa masikio kuvuma. Kwa malaria kali hutolewa kwa dripu, polepole, na sukari ya mgonjwa lazima ipimwe mara kwa mara kwa sababu dawa hii huishusha. Wodi ikiwa na muuguzi mmoja usiku, nani atapima?

Artesunate huchomwa kwenye mshipa kwa dakika chache tu. Lakini hoja kubwa ni uhai. Utafiti wa AQUAMAT wa mwaka 2010 ulihusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo. Kati ya waliopewa artesunate walifariki asilimia 8.5, kwa kwinini, asilimia 10.9. Degedege na kushuka kwa sukari navyo vilipungua.

Artesunate nayo madhara inayo. Baadhi ya wagonjwa huishiwa damu wiki 1 hadi 3 baadaye, wakiwa wamesharudi nyumbani, kwa hiyo mtoto akipauka au akikojoa mkojo mweusi arudishwe hospitali haraka. Hata hivyo ningechagua artesunate bila kusita, na kwinini ibaki ya akiba. Baada ya sindano, dozi ya dawa ya mseto imezwe hadi iishe.