Bodi Kwanza, Lenzi Baadaye: Uzoefu Wangu na Nikon D7200 ya Mtumba

Kamera yangu ya awali, ya kampuni nyingine, ilikuwa na tabia ya kugoma katikati ya kazi: huandika hitilafu kwenye kioo, na haipigi tena mpaka betri itolewe na kurudishwa. Kwa mpiga picha wa harusi hilo halivumiliki, kwa sababu bwana harusi akishatamka mbele ya walii kwamba amekubali, hatarudia kwa ajili ya picha.

Wenzangu walinishauri ninunue lenzi bora, kwa hoja kwamba bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, hushuka thamani upesi ilhali lenzi nzuri hudumu miaka mingi. Hoja hiyo ni ya kweli, na ningeifuata kama ubovu ungekuwa kwenye lenzi. Lakini nilisafisha pini za mguso zinazounganisha lenzi na bodi, nikabadilisha betri, nikafunga lenzi ya kuazima, na kamera ikagoma vilevile. Lenzi ya bei yoyote ingetegemea shata ileile inayokwama, yaani pazia linalofunguka na kufungika kila picha inapopigwa.

Kwa kuwa nilimiliki lenzi moja tu, ile inayouzwa pamoja na kamera, kuhama kampuni hakukunipotezea mengi. Nilichagua D7200, iliyotoka mwaka 2015, hasa kwa sababu ina nafasi mbili za memori kadi na inaweza kuhifadhi kila picha kotekote. Shata yake ilijaribiwa kiwandani kwa mipigo 150,000. Kabla ya kulipa nilipiga picha moja, nikaifungua kwenye kompyuta na kusoma idadi ya mipigo iliyokwishatumika, jambo ambalo namsihi kila mnunuzi wa mtumba alifanye.

Faida nyingine ni mota ya fokasi iliyomo ndani ya bodi, ambayo huendesha hata lenzi za zamani kama 50mm f/1.8D, ya bei nafuu mno. Namba ya f hueleza upana wa tundu la lenzi, na ikiwa ndogo tundu ni pana zaidi. Nikilinganisha na f/5.6 ya lenzi ya awali nikivuta mpaka mwisho, f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi, na ukumbini nyuso hutoka safi bila chengachenga. Pete ya lenzi hiyo, inayobadilisha upana wa tundu, lazima ifungwe kwenye 22, vinginevyo kamera huandika fEE na kukataa kupiga. Tena mota husikika wakati wa dua.

Kioo cha nyuma cha D7200 hakikunjuki, wala kamera haina video ya 4K, hivyo anayeishi kwa video atafute bodi nyingine. Mimi sasa naweka akiba ya lenzi ya 85mm, kwa kumbi ambazo jukwaa liko mbali.