Darubini ya 10x50 kwa wawinda setilaiti za siri: inatosha, ukiikagua vizuri dukani

Anayetaka kufuatilia setilaiti za kijeshi akiwa Dar es Salaam anunue kwanza darubini ya macho mawili ya 10x50, yaani inayokuza mara 10 na yenye lenzi za mbele za milimita 50. Teleskopu ingoje. Setilaiti iliyo kilomita 700 juu ikipita utosini hukata nyuzi 0.6 hivi kwa sekunde, na teleskopu ya kawaida haiwahi kuigeukia. Kwenye 10x50 yenye uwanja wa kuona wa nyuzi 6.5 unabaki nayo kwa sekunde kumi.

Sekunde hizo kumi ndizo zinazopima uvumi kuhusu setilaiti hizo. Kati ya 1985 na 1992 Marekani ilirusha mizigo ya siri ndani ya Space Shuttle, chombo chake cha anga, wanaanga wakiwemo. Mzigo ulifichwa, lakini mwinamo wa obiti, yaani pembe kati ya njia ya kuzunguka dunia na ikweta, haufichiki. Desemba 1988 Shuttle iitwayo Atlantis (safari ya STS-27) ilipaa kwa nyuzi 57, na mzigo wake unaaminika kuwa Lacrosse ya kwanza, setilaiti ya rada. Februari 1990 Atlantis hiyohiyo (STS-36) ilikata kona juu ya bahari ikafika nyuzi 62, kiwango ambacho hakuna Shuttle nyingine iliyokifikia. Mwezi uliofuata habari za Kisovieti zikasema setilaiti iliyoachwa na safari hiyo imevunjika vipande. Lakini Oktoba watazamaji wa kujitolea wa Scotland na Ufaransa wakakiona kitu kisichotambulika, na Ted Molczan wa Kanada akapiga hesabu: ni mzigo uleule, USA-53, ambao wengi huuita Misty. Kwamba ilibeba ngao ya kujificha ni dhana tu, inayoegemea hataza ya Marekani ya 1994 inayoeleza ngao ya aina hiyo. Inavutia, ila hakuna aliyeithibitisha.

Sasa dukani. Pale Kariakoo utakuta darubini zimeandikwa 60x60, hata 80x80. Ziache. Shika darubini mbali na uso, uielekeze kwenye mwanga, utazame duara jeupe kwenye lenzi ya jicho. Gawanya 50 kwa 10: duara liwe na upana wa milimita 5, ulipime kwa rula. Ya 60x60 ingetoa duara la milimita 1. Ukikuta pana kuliko hapo, maandishi ni ya uongo. Duara likiwa na kingo za kijivu zilizokatwa kama almasi, prizimu za ndani ni za kioo cha BK-7 na zinakula mwanga, tafuta za kioo cha BAK-4. Lenzi nyekundu zinazong'aa kama kioo cha pikipiki, rudisha. Halafu lenga mnara wa simu ulio mbali: ukiona minara miwili, au macho yakivuta kuiunganisha, prizimu zimehama, na kichwa kitakuuma kabla ya setilaiti kutokea. Mwisho fungua kifuniko mbele ya bawaba. Lazima kuwe na tundu la skrubu ya robo inchi la kufungia kwenye stendi ya kamera, maana mkono hutetemeka na mara 10 inaukuza mtetemo huo.

Uwanja wa kuona upime usiku kwa Msalaba wa Kusini. Nyota ya juu na ya chini zimeachana nyuzi 6. Zisipoingia pamoja, hizo 6.5 zilizoandikwa kwenye boksi hazipo.

Ratiba ya setilaiti kupita ipo bure kwenye tovuti ya Heavens-Above. Weka mtaa wako, usiishie kuandika jina la jiji. Obiti za siri hukokotolewa na watazamaji, kwa hiyo setilaiti ikibadili njia, saa hukosea kwa dakika nzima au zaidi. Anza kutazama mapema. Lacrosse 5, iliyorushwa 2005 kwa roketi ya Titan IV, ni zoezi zuri: wakati mwingine hufifia ghafla ingawa bado iko juani. Bonyeza stopwochi inapokatiza kati ya nyota mbili unazozijua, kisha andika saa ya UTC, saa ya kimataifa, yaani toa tatu kwenye saa ya Afrika Mashariki ya mfumo wa saa 24. Ukikosea sekunde moja, umekosea kilomita saba na nusu angani.

Kwa Dar, muda mzuri ni kuanzia dakika 50 hadi 100 baada ya jua kuzama, au kabla halijachomoza. Coco Beach inafaa alfajiri. Jioni kivuli cha dunia hupandia upande wa bahari, na setilaiti inayoelekea mashariki huzimikia hukohuko. Alfajiri upande huo ndio wenye mwanga wa jua juu na giza la bahari chini. Nenda na mwenzako.

Usitarajie miujiza. Mzigo wa STS-51-C wa Januari 1985, unaodhaniwa kuwa wa kunasa mawasiliano, ulipelekwa kilomita 36,000 hivi. Huko kwa kawaida 10x50 haifiki. Na chumvi ya pwani haina huruma: ukirudi ifute kwa kitambaa laini, uifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vipakiti vya silika, la sivyo kuvu itaota ndani ya lenzi.