Chupa ya Kijani: Maoni Yangu Kuhusu Mofini ya Maji na Wanaoileta Nyumbani

Mimi ni dereva wa lori, njia ya Mombasa hadi Kampala. Nimezoea kuandika maoni ya matairi na gereji. Haya ni ya mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, na ya watu walioileta hadi mlangoni kwa dada yangu mkubwa, aliyeolewa Mukono, Uganda.

Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, imeshapanda hadi mgongoni. Siku niliyoshusha mzigo nikaenda kumwona, nilimkuta amepiga magoti kitandani, uso kwenye mto, kwa sababu hakuweza tena kulala chali wala ubavu. Hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani na panadol na diklofenaki, ikamwambia dawa zimeishia hapo. Usiku akanishika mkono: "Mdogo wangu, wewe unajua barabara zote. Nitafutie kitu ninywe, nilale nisiamke."

Nilitoka uani nikampigia binamu yetu anayeishi Rotterdam. Kwao Uholanzi, aliniambia, sheria inaruhusu tangu 2002. Daktari anaweza kumsaidia mgonjwa kufa ikiwa mwenyewe ameomba kwa hiari, mateso hayavumiliki na hayana dalili ya kupungua, na daktari wa pili asiyehusika amempima. Hapa Uganda, kama kwetu Kenya, anayemsaidia mtu kujiua anaweza kufungwa maisha. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilisema kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba, lakini aliyemsaidia bado ana kesi. Shemeji, mtu wa msikitini, alisema neno moja tu, kwamba roho ni amana. Nikasimama pale na simu mkononi, na sauti ya dada inatoka dirishani.

Mke wa jirani ndiye aliyetupa namba ya kikundi cha huduma shufaa, yaani cha kuwatuliza wagonjwa wasio na tiba, kinachozunguka majumbani. Tulipiga Jumatatu, wakaja Jumatano. Muuguzi alikaa kwenye mkeka, akamwuliza dada maumivu yanaanzia wapi, yanakwenda wapi, saa ngapi yanazidi. Kisha akaandika mofini yeye mwenyewe, bila kungoja daktari. Uganda imewaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika tangu 2004. Mama yetu alifariki Mombasa mwaka 2009 kwa saratani hiyohiyo akipata sindano moja kwa siku, tena siku daktari alipokuwepo. Nilipomwona yule muuguzi akitia sahihi, nililia mbele ya watoto.

Dawa yenyewe ni kitu rahisi mno. Ni unga wa mofini, maji, dawa ya kuzuia isiharibike, na rangi. Ya kijani ndiyo nyepesi, miligramu 5 katika mililita 5. Aliyeuanzisha utaratibu huu Uganda ni Daktari Anne Merriman, aliyefungua Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mgonjwa hatozwi pesa. Ni chungu, dada alikuwa akiifuatisha chai ya rangi. Tulipima kwa bomba la sindano lililotolewa sindano: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku dozi mbili kwa pamoja ili mgonjwa asiamshwe katikati ya usiku. Tulichora jedwali nyuma ya kalenda, watoto wakatia alama.

Siku mbili za mwanzo alilala sana, nikaogopa. Shemeji akaniuliza kwa sauti ya chini kama hawa watu hawamwui polepole. Muuguzi hakukasirika. "Kaka, huyu hajalala wiki tatu. Analipa deni la usingizi." Akatueleza kwamba dozi hupandishwa kidogo kidogo, kwa kufuata maumivu, na kwamba mwenye nia ya kuua hapimi hivyo. Siku ya tatu dada aliamka akaomba mahamri na mbaazi. Aliishi miezi minne baada ya hapo.

Na hawakuleta mofini peke yake. Walijua inafunga tumbo, wakaleta bisakodili, vidonge vya kulainisha choo, na vilipokwisha wakamfundisha mpwa wangu kukausha mbegu za papai na kuzisaga. Harufu ya kidonda ilikuwa imewafukuza hata majirani. Walituonyesha kuponda vidonge vya metronidazoli na kunyunyizia unga wake mahali penyewe. Ndani ya wiki wanawake wa mtaa walirudi kukaa chumbani, na mjukuu akaanza kufanyia kazi za shule miguuni pa bibi yake. Kwangu mimi hilo lina uzito sawa na chupa.

Nilimwuliza dada kuhusu ombi lake. "Siku ile ningekunywa hata mafuta ya taa," alisema. "Sasa subiri kwanza mtoto amalize mtihani."

Lakini mwezi wa tatu alisema tena amechoka, na safari hii hakuwa na maumivu. Muuguzi aliweka kalamu chini. Akamwuliza ni kitu gani kinachomchosha kuliko vyote. Ilikuwa kuoshwa na mwanawe wa kiume. Stara yake ilikuwa inavunjwa kila asubuhi, na sisi sote tulikuwa tunamsifu kijana kwa kujitolea. Kuanzia kesho yake wanawake wawili wa msikitini walichukua zamu, na ombi lile sikulisikia tena.

Binamu bado ananiuliza: na yule ambaye hata mofini haimtulizi? Swali lake ni la haki na silikwepi. Lakini mgonjwa wa Rotterdam anaomba kufa baada ya kupewa kila kitu. Dada yangu aliomba akiwa na panadol. Wanaotaka bunge zetu zijadili kifo cha huruma, na wanaokipinga kwa aya za dini, nawaomba kwanza waifikishe chupa hii Busia, Kilifi na Turkana. Mtu akiomba kufa kwa sababu hakupewa dawa ya shilingi chache, siwezi kuita ule uamuzi wake.

Kasoro zipo. Simu yao usiku haikupokelewa mara mbili, na Jumapili hawatoki. Vifuniko vya chupa vinavuja, isimamisheni wima na ifungieni mbali na watoto. Maelezo yalikuwa kwa Kiingereza na Kiganda tu, na mimi niliyekuwa nampa dozi za usiku nilihitaji mpwa anisomee. Ikiisha mwisho wa wiki mtateseka, kwa hiyo pigeni simu ikibaki robo.

Baada ya maziko muuguzi alirudi. Alikunywa kahawa na wafiwa, kisha akaomba chupa iliyobaki. Aliinua kwenye mwanga wa dirisha, akaipima, akaandika kwenye daftari: mililita 140 zimerudishwa. Mpwa wangu akatia sahihi.